Kiti cha Nyuma

Adenau, 11 Novemba 1984

Mama Apollonia mpendwa,

Salamu na heshima zako. Wifi yangu Mechthild amenipa anwani yako ya huko Bremerhaven. Ameniambia pia kwamba Volker amekueleza eti niliondoka mwenyewe, eti nilichoka na maisha ya pikipiki, nikashuka njiani nikaenda zangu. Mimi ni mkweo tangu mwanao ana nywele kichwani. Sikiliza na upande huu, kisha useme nani mwongo.

Tulikuwa tunarudi kutoka Austria, chama kizima cha pikipiki, Mwewe wa Eifel wote na wake zao migongoni. Tukasimama kituo cha mafuta juu ya mlima. Nikaenda msalani. Suruali ya ngozi iliyolowa mvua haivuliki upesi, Mama, na kuirudisha ni shughuli nyingine. Nilipotoka, Volker hakuwepo, pikipiki haikuwepo, na Silke, yule binamu wa Hartmut aliyekuwa amepakiwa na Hartmut safari nzima kwa kuwa mkewe alibaki nyumbani, naye hakuwepo. Wanaume wengine walikuwa wameshavaa helmeti, wanatazama chini kama watoto waliovunja chungu. Hartmut, makamu wa Volker chamani, ndiye aliyefunua kioo cha helmeti yake.

"Rosi, mkubwa ametangulia," akaniambia. "Amesema atakupigia simu."

"Atanipigia wapi, Hartmut? Hapa kwenye pampu?"

Akacheka puani. Wengine wakacheka kwa sababu yeye amecheka, wakawasha, wakaondoka mmoja mmoja, na kiti cha nyuma cha Hartmut kikiwa kitupu. Niliteremka mlima ule ndani ya lori la maziwa, nimepakata helmeti kama mtu aliyebeba kichwa cha mwenzake. Nilipofika nyumbani Hünscheid, wewe ukiwa bado hospitali na mapafu yako, kitasa cha mlango kilikuwa kimebadilishwa.

Siandiki ili unililie. Nina chumba juu ya duka la mikate ninapofanya kazi, na nina joto la tanuri bure. Naandika kukujulisha kwamba nimejiandikisha kwa Bwana Mertes, shule ya udereva, leseni ya pikipiki. Maisha yote Volker amekuwa akiniambia, "Rosi, wewe hata baiskeli inakushinda." Majira ya kuchipua yakifika nitapanda barabara ya Mlima wa Kanisa mbele ya Mwewe wote, nitampita Volker kwenye ile kona anayojivunia, nimpite Silke akiwa mgongoni mwake, na watu waone. Hapo ndipo nitapata usingizi.

Usinikataze, Mama.

Mkweo,
Roswitha


Bremerhaven, 20 Novemba 1984

Roswitha mwanangu,

Nani kakwambia nitakukataza?

Volker alikaa kando ya kitanda changu cha hospitali, akanishika mkono. "Mama, Rosi ametuacha." Nami nikamlilia. Nikamwonea huruma yule, nikamwambia ale vizuri, asilale na soksi mbichi. Baadaye akaja akasema daktari ameshauri hewa ya bahari kwa ajili ya mapafu yangu, akanipandisha treni na sanduku moja. Sikupitishwa hata nyumbani kuchukua koti la baridi. Daktari nimemwandikia. Amenijibu kwa adabu kwamba habari ya bahari hajaitaja maishani mwake. Silke ndiye ambaye hakutaka bibi kizee jikoni.

Mechthild ni binti mwema, lakini huku upepo unaingia mpaka ndani ya soksi. Asubuhi samaki, jioni samaki. Kanisa letu liko upande wa pili wa mji, na padri wake anahubiri kama anayesoma ratiba ya meli. Na jirani yetu wa Hünscheid, Bibi Schmitz, ameniandikia kwamba jikoni kwangu wametoa kabati la mama yangu, wamepanga matairi na kreti za bia, Mwewe wanafanyia mikutano humo. Jikoni humo ndimo nilimomzalia huyo Volker, maana theluji ilikuwa imefunga barabara.

Kwa hiyo jifunze. Jifunze vizuri, kwa sababu kisasi cha mtu asiyejua kuendesha huishia makaburini, na mimi sina nguo nyeusi huku. Kila jioni nasali rozari. Mafumbo manne kati ya matano nayatoa kwa ajili ya roho yangu. La tano usiniulize.

Na ukinunua pikipiki, nunua kubwa kuliko yake.

Mama yako,
Apollonia Thelen


Hünscheid, 4 Machi 1985

Mama,

Natumaini hewa ya huko inakufaa. Hapa si pazuri. Jumatatu ya Kanivali, tukisherehekea kabla ya Kwaresima, polisi walinisimamisha nje ya Adenau. Nilikuwa nimekunywa kama alivyokunywa kila mtu siku ile. Leseni wamechukua, ya gari na ya pikipiki pia, na hakimu amesema mwaka huu niisahau.

Sasa Silke ndiye ananiendesha na kigari chake. Kila tukikaribia kona anashusha pumzi kama mimi ndiye niliyeichonga. Juzi kaniambia hakumfuata mwanaume wa pikipiki ili ageuke dereva wa teksi. Chama anakiongoza Hartmut, kwa muda tu. Mimi wamenipa jiko la soseji.

Nakuomba mambo mawili. Usimwambie Roswitha, atafurahi. Na ukimwandikia, mpime kidogo, uone kama moyo wake umelainika. Nyumba imekuwa chafu, na hakuna anayejua kupika ile supu ya dengu.

Mwanao,
Volker


Adenau, 10 Machi 1985

Mama mpendwa,

Mtihani wa nadharia nimepita. Niliketi katikati ya vijana wenye chunusi, nikamaliza wa kwanza. Sasa tuko barabarani.

Bwana Mertes ananifuata nyuma kwa gari, anavuta sigara na kunisemesha sikioni kwa redio iliyofungwa ndani ya helmeti. Mwanaume sikioni nilishazoea, lakini huyu husema mambo ya maana.

"Bibi Thelen, unatazama wapi?"

"Natazama lile shimo."

"Ndiyo sababu unalifuata. Tazama unakotaka kwenda. Pikipiki ni kama ng'ombe, mwili unafuata kichwa."

Nimeanguka kwenye zoezi la kukwepa kizuizi. Unatakiwa uje kwa kasi, kisha upinde ghafla kama mtoto amekurupuka barabarani, kisha urudi kwenye mstari. Nilipinda, sikurudi. Paja langu lote limegeuka rangi ya plamu, na dukani nauza mikate nimesimama upande kama korongo. Kufunga breki kwa nguvu bila kuteleza ndiko kunakonipa raha. Mertes anasema nafunga breki kama mtu anayemkanyaga mwenzake.

Aliniuliza kwa nini najifunza katika umri huu. Nikamwambia nataka kumpita mtu mmoja.

"Wanaokuja kwangu kumpita mtu," akasema, "wengi huwa nawapelekea maua hospitali."

"Basi anza kuyaotesha."

Jambo moja nikuambie wewe tu. Jana, njia ya kurudi, nilipanda gia ya tatu kwenye ile barabara ya msituni, jua likiwa linapenya, na kwa kitambo nikasahau kumchukia Volker. Niliposhtuka nikajirudi. Anajiandaaje huko? Wewe ni mama yake, lazima anakuandikia.

Roswitha wako


Bremerhaven, 18 Machi 1985

Roswitha mwanangu,

Ameniandikia, ndiyo. Yuko mzima kama fahali. Pikipiki ameing'arisha mpaka Silke anajitazamia uso kwenye tangi, na anatamba kwamba mwaka huu hakuna Mwewe atakayemwona ila taa yake ya nyuma. Uliuliza, nami nimekujibu.

Wewe hakukuulizia. Hata jina lako hakulitaja.

Kwa hiyo usije ukasahau tena huko msituni. Kusahau utasahau baadaye. Paja lipake siki na majani ya kabichi, ufunge na kitambaa.

Mama yako,
Apollonia


Adenau, 21 Aprili 1985

Mama mpendwa,

Ninayo leseni. Iko mbele yangu hapa, karatasi ya kijivu yenye picha ambamo nafanana na mjomba wangu Alois.

Mara ya kwanza nilianguka mtihani kabla ya kutoka mjini. Wenzangu wa dukani walitoka wote mlangoni na aproni zao kunipungia, nami nikaondoka bila kutazama nyuma ya bega. Mtahini alikuwa ndani ya gari la Mertes, nikasikia sikioni, "Rudi, Bibi Thelen. Basi." Nililia ndani ya helmeti. Ni mahali pazuri pa kulilia, hakuna anayeona. Kisha nikakumbuka ulichoandika, kwamba hata jina langu hakulitaja, nikaacha kulia.

Mara ya pili kulikuwa na mvua ya barafu. Mtahini ni mtu mkavu kama biskuti ya mwaka jana. Mwishoni akaniambia, "Unaendesha kama mtu mwenye hasira."

"Ni kosa?"

"Hapana. Ulisimama kila palipotakiwa kusimama." Akatia sahihi.

Kuhusu pikipiki, utanisamehe. Nilikwenda Mayen kwa muuzaji mmoja, Bwana Pütz, na moja kwa moja nikaenda kwenye lile jitu jeusi la silinda nne, ndugu mkubwa wa pikipiki ya Volker. Nikalipanda. Vidole vya miguu vilining'inia kama vya mtoto kwenye kiti cha kanisa. Nikalitoa kwenye stendi, likaanza kulala upande wangu, na kama Pütz na mteja mwingine wasingelidaka, leo ungekuwa unatafuta nguo nyeusi.

"Hilo halikufai," Pütz akasema. "Chukua unayoweza kuinyanyua ikianguka."

"Mimi nataka hili."

"Unalitaka wewe, au unataka mtu akuone nalo?"

Nikazunguka duka lote nimenuna. Kule nyuma nikaiona moja ya silinda mbili, nyekundu ya damu ya mzee, imetumika lakini imetunzwa. Ilikuwa ya mkunga mmoja aliyekuwa akizunguka nayo vijijini. Kiti chake ni kifupi, nyayo zangu zote mbili zilikaa chini. Nikamwambia Pütz ailaze sakafuni. Alidhani nimerukwa na akili, lakini akailaza. Nikaigeuzia mgongo, nikachuchumaa, nikashika usukani na chuma cha nyuma, nikasukuma kwa mapaja, hatua ndogo ndogo. Ikasimama. Peke yangu, Mama. Vijana waliokuwa wanachagua vipikipiki vyao wakageuka kunitazama.

Ina nusu tu ya nguvu za ile ya Volker. Lakini Mertes amenipandisha Mlima wa Kanisa mara nyingi, na kwenye zile kona nguvu hazisaidii kitu. Breki zinasaidia, na macho.

Niambie tu siku ambayo Mwewe watapanda.

Roswitha


Bremerhaven, 28 Aprili 1985

Mwanangu,

Padri anabariki pikipiki kanisani mlimani Jumapili ijayo, tarehe tano, baada ya misa ya asubuhi. Mwewe wote watakuwepo. Volker atakuwepo, hilo nalijua kwa hakika.

Huyo mkunga alikuwa na akili. Vaa soksi za sufu. Nitakuwa nimekaa dirishani huku siku nzima.

Apollonia


Adenau, 6 Mei 1985

Mama,

Nimekasirika na mwandiko ni mbaya, kwa hiyo soma polepole.

Nilipanda mlima jana. Barabara ilikuwa kavu, na kila kona niliitazama mpaka mwisho wake kama nilivyofundishwa. Niliwapita wawili wa chama, kwa utaratibu, na taa ya ishara. Nilikuwa namtafuta Volker. Kila pikipiki nyeusi iliyotokea mbele niliifuata, na kila nikiifikia nikakuta si yeye. Kwenye ile kona yake nikapita peke yangu, hakuna wa kumpita. Nikasema labda ametangulia, yuko juu.

Alikuwa juu. Alikuwa amesimama nyuma ya jiko la mkaa, amevaa aproni, anageuza soseji.

Nilizima injini mbele yake. Nikavua helmeti.

"Rosi," akasema. "Umekuja na nani?"

"Unamwona nani mwingine?"

Akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, akaitazama tena. Soseji zikawa zinaungua. Hartmut akaja na sahani yake, akamgonga begani kama anavyogongwa mhudumu. "Haradali, Volker. Na hii imeungua, nipe nyingine." Na Volker akampa nyingine.

Nikamvuta Hartmut pembeni. "Pikipiki yake iko wapi?"

"Hujui? Leseni walimpokonya Kanivali. Anakuja na Silke kwenye gari, kama gunia."

Nikarudi kwa Volker. "Mama yako anajua?"

"Nilimwandikia mwezi wa tatu. Nilimwomba asikwambie." Akashusha sauti. "Nilimwomba pia akuulize hali. Hakukuuliza?"

Kwa hiyo ulijua. Ulijua, ukaniandikia habari za fahali na tangi linalong'aa. Nilinoa kisu msimu mzima kwa ajili ya fahali ambaye wewe ulijua ameshachinjwa. Unaelewa nilivyojisikia pale, Mwewe wote wananitazama, nimesimama na ushindi ambao hauna wa kushindwa?

Subiri, hayajaisha. Padri akaja, akatunyunyizia maji ya baraka. Yangu aliimwagia kijungu kizima, sijui aliona nini usoni mwangu. Silke alikuwa kwenye gari, kioo kimeshushwa, anavuta sigara. Volker akamwita aje asaidie kufunga masanduku. Akamjibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Fungasha mwenyewe, mimi si mke wako." Volker akasema neno, yeye akasema mawili, kisha akawasha gari akashuka mlima. Jiko, masanduku na Volker akaviacha kwenye majani.

Wakacheka, Mama. Walewale. Hartmut alisema jiko atalifuata kesho na trela, lakini nafasi ya mtu hana. Kila mmoja ana mkewe mgongoni. Volker akabaki anakunja aproni, anaikunjua, anaikunja. Kisha akaja kwangu.

"Rosi, nishushe mpaka Hünscheid. Huko tu."

Nilitaka kumkatalia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nikaona jinsi wanavyotusubiri, wanataka mchezo wa pili, na nikajua kukataa ndiko wanakokutarajia wao. Mimi nilikuwa nataka kitu ambacho hawajawahi kukiona.

Gisela, mke wa Hartmut, akampa helmeti yake, ile ya maua ya manjano, akasema yeye atangoja kunywa kahawa na padri. Ilimbana mpaka mashavu yakatokea mbele.

"Nishike kiunoni," nikamwambia. "Tazama juu ya bega langu, upande tunaopindia. Usijitikise, na usiniongeleshe."

Sikuvunja sheria hata moja, na ukimwuliza Mertes atakwambia yule alikuwa ni mimi wa siku ya mtihani. Kona ya kwanza akakanyaga kile kikanyagio chake kwa nguvu zote, anatafuta breki. Kule nyuma hakuna breki. Kona ya pili akanibana kwa magoti mpaka nikaumia. Helmeti yake ikawa inanigonga kisogoni, kok, kok.

"Rosi, polepole."

Nikaingia kona ya tatu.

"Rosi, lori."

"Nimeliona."

"Hujaliona, Rosi, liko..." Na lori likapita upande wake, kama malori yanavyopita. Kwenye ile kona yake ya kujivunia alijilaza upande usiotakiwa, ikabidi niirudishe pikipiki kwa mikono yote miwili. Nikamsikia anasali. Volker, anayekwenda kanisani Krismasi tu, alikuwa anasali Salamu Maria, na hata maneno hakuyajua sawasawa.

Nilimshusha Hünscheid kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Akakaa ukingoni mwa birika na helmeti ya maua kichwani. Rangi ya uso ilikuwa ya unga mbichi. Nilifikiri atanitukana.

"Ulikaaje pale?" akaniuliza. "Miaka yote ile, Rosi. Huoni kitu, huna cha kushika, hujui mtu wa mbele anawaza nini. Ulikaaje?"

"Nilikuamini," nikamwambia.

Akafunika uso. Sikungoja aufunue. Niligeuza pikipiki nikaenda zangu, na kama unadhani nilimwonea huruma, sikumwonea. Nililala kama jiwe.

Lakini wewe, Mama, ulinidanganya. Nataka kujua kwa nini.

Roswitha


Hünscheid, 9 Mei 1985

Mama,

Habari njema. Roswitha amekuja kwenye baraka za pikipiki, na mbele ya watu wote akanichukua mwenyewe kunirudisha nyumbani. Kapata leseni, sijui nani kampa. Anaendesha kwa kubabaisha, ilibidi nimwelekeze njia nzima, lakini nikimkalia karibu atajifunza. Tuliongea vizuri sana pale birikani.

Silke nimemruhusu arudi kwao.

Naona Rosi amelainika. Neno moja kutoka kwako litatosha, awe amerudi kabla ya kiangazi. Wewe usijisumbue kusafiri, endelea kupumzika na hewa ya bahari.

Volker


Bremerhaven, 13 Mei 1985

Roswitha,

Nilijua. Sikuombi radhi.

Ningekwambia mwezi wa tatu, ungeacha. Ungesema Mungu ameshalipa, ungemrudishia Mertes redio yake, ukarudi kwenye mikate. Na siku moja Volker angesimama mbele ya kaunta na kofia mkononi, unyonge wote usoni, nawe ungefunga duka ukaenda kumpikia supu ya dengu. Nakujua, mwanangu. Nakujua kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofanya mimi kwa baba yake, si mara moja.

Sijakuhadithia hili. Nilikaa nyuma ya mzee Thelen mpaka Trier, mvua inanyesha, nina mimba ya Volker. Nikamwambia naogopa. Akaongeza mwendo. Tulipofika akawaambia kaka zake, wakacheka, na mimi nikacheka nao, nifanyeje? Siku zote nilitamani kumwona mmoja wa wanaume hawa amekaa pale nyuma, anashika hewa. Sikuwahi. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika, na pale anaposali Salamu Maria nilimsomea Mechthild kwa sauti, mpaka akadhani mapafu yamenirudia kwa jinsi nilivyokuwa nakohoa kwa kicheko.

Sasa sikiliza. Nyumba ya Hünscheid ni yangu. Volker anaisema kama yake, na mimi nilimwacha aseme, lakini mwenyewe ni mimi mpaka nife. Nataka uhamie. Chumba cha juu, chenye dirisha la bustani. Nami nitakuja nifie kwenye kitanda changu, si leo wala kesho, kwa sababu nataka kwanza kuwaudhi watu kidogo.

Ukikataa kwa ajili ya uongo wangu, nitaelewa.

Apollonia


Adenau, 19 Mei 1985

Mama,

Bado nimekukasirikia. Kukasirika kwa barua kunachosha, afadhali nikukasirikie mezani ukiwa umekaa mbele yangu. Kwa hiyo nakubali.

Sharti langu ni moja: usinidanganye tena, hata kwa faida yangu. Nikiwa mjinga niache niwe mjinga.

Leo nimekwenda na pikipiki mpaka mto Mosel, peke yangu, nikanunua asparaga nyeupe, yale machipukizi ya majira haya, na zingekuwa zako kama ungekuwa hapa. Nilikula nyingine njiani, mbichi, kama sungura. Ilikuwa jioni nilipokumbuka kwamba kutwa nzima Volker hakunijia kichwani. Safari hii sikujirudi.

Yeye amekuja dukani mara mbili. Nimemuuzia mkate.

Roswitha


Bremerhaven, 24 Mei 1985

Volker,

Barua yako nimeipata. Roswitha harudi kwako. Anarudi kwangu.

Kabla ya Siku ya Mtakatifu Yohane, tarehe 24 Juni, utatoa matairi jikoni, na kreti, na hiyo bendera ya mwewe uliyoipigilia ukutani juu ya msalaba wangu. Kabati la mama yangu utalirudisha mahali pake, na droo zake zote. Sakafu utaisugua kwa sabuni na brashi, si kwa ufagio. Kitasa utarudisha kile cha zamani. Ufunguo mpe Bibi Schmitz, naye atampa Roswitha. Hartmut ana chumba juu ya gereji yake, nimeshamwandikia mkewe, Gisela amekubali upange.

Unaniambia nipumzike na hewa ya bahari. Nimepumzika. Nitakuja viazi vikianza kuchimbwa.

Mimi ni mama yako, mlango siwezi kukufungia. Jumapili baada ya misa utakuja kula. Basi la kwenda Hünscheid siku ya Jumapili halipo, najua. Utatembea.

Mama yako,
Apollonia Thelen